Usukani Sebuleni: Mwongozo kwa Wasio na Hadhari

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye kazi, familia na leseni halali ya udereva, ambaye usiku mmoja alitazama mashindano ya magari ya kompyuta, akaona mikono ya dereva inavyocheza na usukani, akajisemea: kumbe ni kukaa tu. Kesho yake akaanza kuulizia bei. Mtu wa namna hiyo hazuiliki, na hapa hatuna nia ya kumzuia. Tunachomtakia ni afike salama, akiwa na vidole vyote, ndoa yake, na angalau nusu ya akiba yake.

Atakayemuuzia atamtajia Jann Mardenborough, kijana wa Uingereza aliyeshinda GT Academy mwaka 2011 kwa kucheza gemu ya Gran Turismo, akakabidhiwa gari la kweli na kufika hadi mashindano ya Le Mans. Habari hiyo ni ya kweli. Hata filamu ilitengenezwa, ikatoka mwaka 2023. Umati uliobaki kwenye makochi yake haukutengenezewa filamu, na ndio unaonunua vifaa vingi zaidi.

Kabla ya kutoa hata senti, shika jambo moja, maana yaliyobaki yote yanatoka hapo. Usukani na pedali za gemu zinauza habari. Usukani unakuletea mikononi habari za matairi ya mbele: yanashika, yanateleza, au yamekwisha kukata tamaa. Pedali zinaipelekea gemu habari za mguu wako: unataka kusimama, unataka kupunguza, au umesinzia. Chochote kinachofanya habari hizo zifike bila kuchafuka kinafaa. Kingine chochote, ikiwemo taa za rangi saba kwenye ukingo, ni mapambo.

Lugha ya muuzaji

Vifaa vingi hivi hupatikana mkononi, vikiwa vimeshatumika. Muuzaji wa vitu vya mkononi ana msamiati wake, na inafaa uujue kabla hujafika kwake.

"Haijatumika sana." Maana yake: haijatumika sana tangu ilipoharibika.

"Inafanya kazi na zote." Maana yake: sijui. Kampuni ya Logitech ilitoa sukani za G29 na G920 mwaka 2015, na ukiziweka meza moja utadhani ni pacha. G29 ni ya PlayStation, G920 ni ya Xbox, na zote mbili zinakubaliwa na kompyuta. Ukiipeleka G920 kwenye PlayStation, mashine itakutazama tu. G27 iliyotangulia inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta, lakini PlayStation 4 huikataa mlangoni, kwa kuwa mashine hizi hudai kifaa kijitambulishe kwa leseni ya kampuni kabla ya kukiruhusu kuzungumza.

"Inahitaji adapta tu." Neno "tu" hapo lina uzito kuliko usukani wenyewe. Mota inayosukuma usukani hailishwi na waya wa USB; ina umeme wake. G29 hutumia adapta ya volti 24, wakati adapta nyingi za laptopu zinatoa volti 19 au 20. Tundu likikubali kuingiza kichwa cha waya usidhani mambo yamekwisha. Mengi huingia yasipotakiwa.

"Pedali ziko nyumbani." Nyumbani kwa nani, hataeleza. Pedali za kampuni moja kwa kawaida hazichomeki kwenye usukani wa kampuni nyingine bila kifaa cha kuunganishia, kwa hiyo usukani usio na pedali ni nusu ya ununuzi kwa bei ya mzima.

"Ilikuwa ya mtoto, amekwenda chuo." Hii yaweza kuwa kweli. Omba tu kuonyeshwa pedali ya breki, uone jinsi mtoto huyo alivyokuwa na hasira.

Ukaguzi kabla ya pesa kutoka mfukoni

Nenda na laptopu. Muuzaji akiuliza ya nini, mwambie ya kuandika risiti.

Chomeka adapta na waya wa USB, kisha ondoa mikono. Usukani mzima hujizungusha wenyewe hadi mwisho wa kushoto, hadi mwisho wa kulia, halafu hurudi katikati. Hapo unatafuta mipaka yake. Usiushike kuusaidia, wala usiache kikombe cha chai karibu. Kumbuka pia kwamba utafanya hivyo kila mara umeme ukikatika na kurudi, hata saa nane za usiku, gizani, ukiwa umeusahau kwenye soketi. Watoto wa nyumba hiyo watakuwa na hadithi ya kusimulia shuleni.

Sikiliza. G29 na ndugu zake hutumia meno ya gia kati ya mota na usukani, kwa hiyo mlio wa kukwaruza ni wa kuzaliwa nao. Thrustmaster T300 hutumia mkanda, na hiyo huwa laini zaidi mkononi. Usichokitaka ni mlio mmoja unaojirudia mahali palepale kila mzunguko: hapo kuna jino lenye shida, na meno ya aina hiyo hayang'olewi kwa bei rahisi.

Kwenye Windows, fungua kisanduku cha kuandikia amri, andika joy.cpl, bonyeza ingiza. Litatokea dirisha lenye mistari inayopanda na kushuka kwa kila pedali. Dirisha hilo halina mapambo na halimpendelei muuzaji. Zungusha usukani hadi mwisho mara kadhaa kwa haraka, kisha urudishe katikati. Kama katikati ya mkono wako na katikati ya skrini zimeanza kuachana, ondoka polepole bila kugombana. Kwenye G25 na G27, kipande kidogo cha plastiki kinachosaidia kuhesabu mzunguko wa mota kinajulikana kwa kupasuka, na kikishapasuka hesabu huenda kombo.

Sasa pedali. Kanyaga moja moja, taratibu sana, ukiangalia mstari wake. Unatakiwa kupanda bila kuruka na kurudi sifuri bila kusita. Ukicheza kama umepigwa shoti, kuna vumbi kwenye potenshiomita, kifaa kilekile kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha redio ya zamani, ambacho kikichafuka redio hukoroma ukikizungusha. Dawa ya kupulizia ya kusafishia viungo vya umeme huweza kukitibu. Usiitaje dawa hiyo mpaka mkubaliane bei.

Mwisho, kanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Alama ikibaki katikati, kana kwamba pedali mbili zimefutana, usukani haujafa. Programu za zamani za Logitech zina kisanduku cha kuunganisha pedali mbili ziwe mstari mmoja, kwa ajili ya gemu za zama hizo. Ukiondoa tiki, ugonjwa umekwisha. Kama muuzaji mwenyewe hajui, hujaajiriwa kumfundisha.

Kiti kinachokimbia

Umefika nyumbani. Umebana usukani kwenye meza ya kulia chakula, umeweka pedali chini, umevuta kiti cha ofisini chenye magurudumu, na sakafu yako ni ya vigae. Umewasha gemu kwenye uwanja wa Monza.

Kitakachotokea kwenye kona ya kwanza kitakuwa hivi. Unakuja kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kibao cha mita 150 kinapita. Unakanyaga breki kama ulivyoelekezwa, kwa nguvu na mara moja. Kiti kinarudi nyuma shibri nzima. Mguu wako, ambao haukuagana na kiti, unabaki hewani juu ya pedali. Gari linaachiwa breki, linapata uhuru, linasonga mbele. Unajivuta kwa kushika usukani, na hapohapo umeshapiga kona ambayo haipo. Unakanyaga tena, sasa kwa hofu. Pedali zinateleza kwenye vigae hadi ukutani na kugonga. Jirani wa chini anagonga dari yake. Gari limeshasimama kwenye changarawe.

Hakuna menyu duniani inayotibu hilo. Kabla hujagusa tarakimu yoyote, fanya kiti kisitembee. Wenye fedha hununua fremu ya bomba za chuma au aluminiamu inayofunga kiti, usukani na pedali kuwa kitu kimoja. Wengine huchukua viatu vya zamani na kutumbukiza kila gurudumu la kiti katika kiatu chake. Ni mbinu ya kale miongoni mwa wachezaji na inafanya kazi vizuri, ingawa mgeni akiona kiti chako kimevaa raba tano atapunguza muda wa kukaa. Dawa nzuri kuliko zote kwa mwenye nyumba ndogo ni kiti cha mbao cha miguu minne, mgongo wake ukielekea ukutani, na ubao unaounganisha miguu ya kiti na pedali ili vivutane vyenyewe kwa vyenyewe.

Meza ya kioo usiijaribu. Vibano vya usukani hukaza kwenye ukingo, na kioo hakina subira.

Ukaaji wenyewe unapimwa kama kwenye gari la kweli. Mgongo ukiwa umeegemea, nyosha mkono: kifundo chako kitue juu ya ukingo wa usukani. Kanyaga breki hadi mwisho: goti libaki limekunjika kidogo. Kama limenyooka kabisa, unasukuma kwa vidole vya mguu, na vidole huchoka haraka.

Skrini isogee karibu, nyuma kabisa ya usukani. Kisha uipatie gemu upana wa kuona unaolingana na hesabu halisi. Skrini ya inchi 27 iliyo sentimita 70 kutoka machoni inachukua takriban digrii 46 tu za upana. Gemu nyingi huja zikiwa zimepanua zaidi, kwa sababu picha pana huleta hisia ya kasi. Hisia hiyo ni tamu, ila kona zote huonekana ziko mbali kuliko zilivyo, na dereva hubaki kuilaumu breki.

Breki, mwenye nyumba halisi

Mgeni katika mambo haya hununua mota kwanza. Anasoma nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha, anasisimka, anaagiza. Pedali hupewa kilichobaki. Lakini muda wa mzunguko hupotea zaidi kwenye breki: lini umeanza, umekandamiza kiasi gani, na umeachia vipi ukiwa unaingia kona. Mafuta kwenye barabara iliyonyooka hata shemeji anaweza kukanyaga.

Kwenye gari la mashindano, pedali ya breki haishuki sana. Dereva hupima kwa nguvu ya mguu, wala hahesabu sentimita. Mguu wa binadamu nao uko hivyohivyo: hukumbuka ulisukuma kwa uzito gani, lakini husahau ulisogea umbali gani. Pedali za bei ya chini hupima umbali. Pedali zenye kihisi cha uzito hupima kilo, na ndiyo maana mtu akizihamia huanza kufunga breki mahali palepale mzunguko baada ya mzunguko. Zipo zinazopokea zaidi ya kilo 100 za mguu. Kabla hujaagiza za namna hiyo, rudi usome tena habari za kiti.

Mwenye G29 atakutana na jambo la ajabu. Ndani ya springi ya breki wenye kiwanda waliweka kipande cha mpira ili pedali ikaze kuelekea mwisho, kama breki ya kweli. Wazo zuri. Kasoro ni kwamba kihisi kilibaki cha umbali, kwa hiyo wengi hukanyaga hadi jasho linatoka na mstari kwenye skrini hauvuki robo tatu. Kuna wanaofungua skrubu na kuung'oa mpira. Kabla ya kufika huko, ingia kwenye mipangilio ya gemu, kanyaga kwa nguvu unayoweza kuirudia mizunguko ishirini bila kulalamika, na uiambie gemu kwamba hapo ndipo asilimia 100. Gemu haina kinyongo, itakubali.

Kwa mwenye kihisi cha uzito, kosa huwa la upande wa pili. Anaweka kilele kwenye nguvu zake zote, kwa fahari, kisha baada ya nusu saa anatembea kama aliyeanguka mnazi. Weka kilele chini ya uwezo wako wa mwisho. Unafanya mashindano ya muda, hunyanyui vyuma.

Chini kabisa ya mstari wa breki acha asilimia mbili tatu za sehemu kiziwi, ile ambayo menyu huiita dedizoni. Mguu uliopumzika juu ya pedali huwa una uzito wake, na bila hiyo utakuwa unafunga breki kidogo kwenye barabara nzima iliyonyooka huku ukilaani injini.

Ukishapanga, jifunze kuachia. Magari ya mashindano ya daraja la GT3 yana ABS, mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge, kwa hiyo yatakusamehe ukikandamiza kwa pupa. Gari la Formula 1 halina, na matairi yatajifunga. Katika yote mawili, breki inaachiwa polepole kadiri usukani unavyokunjwa, ili uzito ubaki kwenye matairi ya mbele yapate kushika. Mtu anayeachia ghafla huona gari likikataa kona, kisha huenda kwenye menyu ya usukani kutafuta mchawi.

Usukani, na habari zinazopaliwa

Hapa ndipo kila mtu huongeza. Menyu ina mahali pa nguvu ya jumla, na mgeni huisukuma hadi mwisho, kwa hoja kwamba amelipia yote.

Tuanze na mota yenyewe. G29 inatoa takriban nyutoni-mita 2. Fanatec CSL DD, ambayo mota yake imeunganishwa na usukani moja kwa moja bila gia wala mkanda (ndiyo dairekti draivu), inatoa 5, au 8 ukinunua adapta yake kubwa. Logitech G Pro inatoa 11. Zipo za Fanatec na Simucube zinazofika 25 na kupita. Kwa usukani wa kipenyo cha sentimita 30, nyutoni-mita 2 ni kama kilo moja na theluthi ikivuta ukingoni. 8 ni kilo tano na kitu. 25 ni kilo 17. Kilo 17 zinazobadilisha upande ghafla unapogonga ukuta wa Monaco si mchezo tena. Ndiyo maana mota kubwa huja na kitufe chekundu cha kuzimia dharura, na ndiyo maana vidole gumba vinakaa nje ya usukani, juu ya ukingo, visishike ndani ya mikono yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wa dairekti draivu huvunjika gumba.

Sasa ile habari tuliyoilipia. Tairi la mbele linapopinda, huzaa nguvu inayotaka kuurudisha usukani katikati, na wewe unaisikia kama uzito mikononi. Tairi likikaribia mwisho wa mshiko wake, nguvu hiyo hupungua kabla mshiko wenyewe haujaisha. Usukani unakuwa mwepesi kidogo, kwa muda mfupi, katikati ya kona. Wepesi huo ndio onyo lako, na ndio kitu pekee cha thamani kubwa ambacho mota inaweza kukuletea. Anayeusikia hupunguza kidogo na kupita. Asiyeusikia huongeza kukunja na kwenda moja kwa moja kwenye changarawe.

Ukiweka nguvu ya jumla juu mno, onyo hilo hufutika. Gemu inaomba nyutoni-mita 4, mota ina 2, inatoa 2. Gemu inashusha hadi 3 kukuonya, mota bado inatoa 2. Mkononi hakuna kilichobadilika. Ni kama spika ya harusini iliyofunguliwa hadi mwisho: mwimbaji akinong'ona au akipiga kelele, wageni wanasikia mngurumo mmoja. Gemu za Assetto Corsa na iRacing zina mstari mdogo wa kupima nguvu unaogeuka mwekundu hali hiyo ikitokea. Endesha mizunguko michache, uangalie kwenye kona ndefu za kasi. Ukiwaka mara mojamoja kwenye matuta ya ukingoni, acha. Ukiwaka katikati ya kila kona, punguza nguvu, ukivumilia aibu ya usukani mwepesi. Baada ya siku chache mikono itaanza kusikia vitu ambavyo haikuvisikia.

Kisha pita kwenye programu ya usukani na uzime springi ya kujirudisha katikati, kama gemu yako ina mrejesho wake wa nguvu. Springi hiyo husukuma kuelekea katikati hata gari likiwa linaruka hewani. Ni msemaji wa pili anayezungumza juu ya wa kwanza.

Digrii za mzunguko nazo zina mtego. G29 inazunguka digrii 900, T300 hufika 1080, na gari la kawaida la barabarani liko karibu na hapo. Gari la GT3 linatumia karibu nusu ya hizo, na la Formula 1 chini zaidi. Gemu nyingi za sasa hujipanga zenyewe kulingana na gari. Kazi yako ni kuhakikisha. Kunja usukani wako robo mzunguko, hadi digrii 90, na utazame mikono ya dereva kwenye skrini. Ikiwa imekunja zaidi au pungufu, gemu na programu ya usukani hazijakubaliana. Usianze mashindano mpaka ziwe zimepatana.

Anayetaka mtihani mkali aende Naivasha bila nauli: gemu ya EA Sports WRC ya mwaka 2023 ina Safari Rally ya Kenya, vumbi na mawe yote. Usukani uliotulia vizuri kwenye lami ya Monza utapiga makofi hapo, kwa sababu kila jiwe linaomba nguvu ya ghafla. Shusha nguvu ya jumla tena, au uupe ukurasa wake wa mipangilio kwa ajili ya rali peke yake. Na ukiona unalalamika sana, kumbuka kwamba dereva Shekhar Mehta alishinda Safari mara 5, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, bila kufungua menyu hata moja.

Mipangilio ya bingwa

Siku moja utakutana na orodha ya mipangilio ya bingwa fulani, tarakimu hadi ya mwisho. Utainakili yote. Siku mbili utaamini umebadilika, kwa kuwa kila kitu kinahisi tofauti, na tofauti hujifanya ubora. Kisha utapata ya bingwa mwingine inayopingana na ya kwanza, nayo utainakili.

Bingwa huyo ana mota ya nguvu nyingine, pedali za aina nyingine, urefu mwingine wa mguu na kiti ambacho hakikimbii. Tarakimu zake ni jibu sahihi la swali ambalo hukuulizwa wewe. Kuna watu ambao hawajamaliza shindano hata moja kwa sababu kila jioni wanapanga, na mchagua nazi hupata koroma.

Njia ya kutoka humo ni ya kuchosha, kwa hiyo hupendwa na wachache. Badili kitu kimoja. Endesha mizunguko kumi, gari lilelile, barabara ileile. Andika kwenye karatasi ulichobadili na ulichosikia. Kama hukusikia tofauti, rudisha ilivyokuwa. Karatasi ni muhimu kuliko kumbukumbu, maana ipo siku programu itajisasisha yenyewe na kufuta kila kitu bila hata kukuaga.

Kupima bila kujidanganya

Usipime kwa mzunguko wako bora. Mzunguko bora huja kwa bahati, na hujirudia mdomoni kuliko barabarani. Chukua kumi mfululizo, uangalie nafasi kati ya wa haraka na wa polepole. Kifaa kilichopangwa vizuri hukaza nafasi hiyo kabla ya kushusha muda wenyewe. Ukiona muda haujashuka lakini mizunguko imeanza kufanana, furahi. Mguu na pedali vimeanza kuelewana, na kasi hujengwa juu ya hapo.

Chagua gari dogo. Mazda MX-5 ya iRacing hutolewa kwa wanaoanza, na ipo sababu: haina nguvu za kuficha makosa yako. Ukianza na Formula 1, utajifunza jambo moja tu, nalo ni rangi ya ukuta.

Usipime mgeni akiwepo. Shemeji ataomba kujaribu, atashika kwa mkono mmoja, atafika kona ya kwanza kwa mwendo wote, kisha atasema breki ni ngumu na usukani umelegea. Mkubalie vyote viwili na umletee soda. Usiguse menyu kwa sababu yake.

Mpangilio wa kutumia pesa

Ikiwa baada ya yote haya bado unataka kuboresha, na utataka, fuata mpangilio huu. Kwanza kiti na fremu, mpaka vitu vyote vitulie ukikanyaga kwa nguvu zako. Pili breki yenye kihisi cha uzito. Tatu skrini na mahali inapokaa. Mota iwe ya mwisho.

Dukani utaelezwa kinyumenyume, kuanzia mota. Usimchukie muuzaji: ubao, skrubu nne na kiti cha mbao havina faida ya kumlipia pango. Lakini mota ya kilo 17 kwenye kiti chenye magurudumu itakuletea habari nyingi sana usizoweza kuzitumia, huku ukirudi nyuma. Ukitoka mwanzo, ukafika kwenye mota pesa zikiwa bado zipo, nunua kubwa unayoiweza. Vidole gumba nje.